Kupe, Mrija na Haki: Ubepari katika Msamiati wa Ujamaa

Neno bepari lilifika pwani ya Afrika ya Mashariki kutoka Bara Hindi, likichukuliwa na wafanyabiashara wa Kigujarati waliokuja na pepo za kaskazi. Maana yake ya kwanza haikuwa na ubaya wowote. Bepari alikuwa mfanyabiashara, hasa mwenye mtaji wa kutosha kuwakopesha wengine, na katika Unguja ya karne ya 19 mtu angeweza kuitwa bepari mbele ya watu asione haya. Kufikia Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa nchini Tanzania, neno lile lile lilikuwa limekwisha geuka jina la adui wa umma. Na kutokana nalo likapatikana neno ubepari, ambalo lilitaja mfumo mzima wa uchumi.

Mageuzi ya namna hii si jambo la kamusi peke yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msamiati wa ujamaa ulivyoufanya ubepari uonekane kwa macho ya mkulima na mfanyakazi wa kawaida, na jinsi msamiati huo huo ulivyopata taabu ulipokutana na neno jingine kongwe zaidi, yaani haki. Mfano mkuu ni Tanzania, kwa kuwa huko ndiko lugha hiyo ilikokuwa lugha ya dola. Kenya italetwa kwa sababu hapo palikuwa na sheria za haki zilizoandikwa, lakini si siasa ya Azimio, na hivyo inasaidia kulipima jambo lenyewe.

Maneno ya siasa hiyo hayakutungwa yote vitabuni. Mengi yalitolewa zizini na jikoni. Beberu ni mbuzi dume, mwenye nguvu na harufu, naye akapewa kazi ya kuziwakilisha dola za Ulaya zilizotawala makoloni. Kabaila, ambaye kwa asili ni mtu wa ukoo bora, akawa mwenye ardhi aishiye kwa kazi ya watwana. Kupe hahitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyepata kufuga ng'ombe. Mrija nao ni ule mwanzi mwembamba ambao wazee wa sehemu nyingi za bara hunywea pombe kutoka chungu kimoja, kila mmoja na wake. Ubora wa picha hii ni kwamba chungu ni cha wote. Anayelaumiwa ni yule ambaye mrija wake unamaliza kilichomo wakati wenzake wangali wakingoja zamu, na hata asiyepata kusoma herufi moja hulifahamu kosa hilo.

Lakini neno lililobeba mzigo mkubwa kuliko yote ni kitenzi nyonya, na hapo ndipo panapostahili kukaliwa kwa muda. Kunyonya ni tendo la kwanza la binadamu duniani. Mtoto anyonyaye ziwa la mama yake hatendi kosa, wala hakuna aliyepata kumwita mnyonyaji. Basi ilikuwaje tendo lisilo na hatia likawa jina la dhuluma? Jibu limo katika umri na nguvu. Mtu mzima mwenye viungo vyake kamili anayeendelea kunyonya ni kioja. Amekataa kuachishwa ziwa. Azimio la Arusha lilifuata mantiki hiyo hiyo lilipoeleza ni nani wanaoruhusiwa kuishi bila kufanya kazi katika nchi ya kijamaa: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola yenyewe kwa wakati fulani haiwezi kuwapatia kazi. Wengine wote sharti waishi kwa jasho lao. Kwa hiyo fundisho zito la uchumi lilikuwa limekwisha fungwa ndani ya kitenzi ambacho kila mama alikijua. Hali kadhalika, Mwalimu Nyerere alipoandika insha yake ya Ujamaa mwaka 1962 aliukumbusha umma methali ya mgeni anayekirimiwa siku mbili na ya tatu akapewa jembe. Ukarimu ulikuwa na mpaka, na mpaka wake ni kazi.

Karl Marx mwenyewe, katika kitabu chake Das Kapital cha mwaka 1867, aliufananisha mtaji na zimwi la ngano za Ulaya linaloishi kwa kufyonza damu ya walio hai. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki hawakuhitaji kuliazima zimwi hilo. Zama za ukoloni palikuwa na uvumi ulioenea toka pwani hadi maziwa makuu kuhusu mumiani, watu waliosemekana kuwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mjini Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliukusanya uvumi huo katika kitabu cha mwaka 2000, akauchukua kuwa namna ya watu kuzungumzia kazi, mamlaka na miili yao wenyewe. Ndiyo kusema picha ya mtawala anayefyonza ilikuwa imezagaa kabla ya chama chochote kuitumia jukwaani.

Nguvu ya picha hizi ndiyo pia iliyokuwa udhaifu wake. Kupe huonekana, walakini thamani ya ziada haionekani. Katika nadharia ya kijamaa bepari hahitaji kuwa mtu mbaya, wala hahitaji kuiba. Chukua mkata mkonge wa Tanga zama za kipande, ambaye alilazimika kutimiza siku 30 za kazi ndipo kadi yake ihesabiwe na alipwe. Tuseme kazi yake ya nusu siku ingetosha kurudisha gharama ya posho na ujira wake; nusu nyingine ya siku, aliyoifanya kwa bidii ile ile na chini ya jua lile lile, ilikuwa mali ya mwenye shamba. Hakuna aliyedanganywa katika mizani. Unyonyaji wenyewe umo ndani ya mkataba halali. Jambo hili ni gumu kulichora kwa kupe, kwa sababu kupe huja toka nje ya ng'ombe, ilhali mtaji hutoka katika kazi ya mfanyakazi mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba neno mnyonyaji lilitafuta mtu wa kulibeba, na katika nchi yenye viwanda vichache lilimpata mwenye duka na mwenye nyumba ya kupangisha. Wengi wao mijini walikuwa wa asili ya Kihindi. Nyerere aliiona hatari hiyo mapema. Wiki mbili hivi baada ya Azimio aliandika gazetini kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi havipatani, kwa kuwa mjamaa hupimwa kwa imani na matendo yake. Hata hivyo, mwaka 1971 ilipotungwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, waliopoteza mali walikuwa hasa Wahindi, na wengi wakahama nchi. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Msamiati wa mitaani ndio uliokuwa umekwisha itaja. James Brennan, aliyeichunguza lugha ya magazeti ya zama hizo, ameonyesha jinsi unyonyaji ulivyokuwa ukipima nani ni mwananchi na nani si mwananchi, zaidi ya kupima nani ana mtaji na nani hana.

Sasa ni zamu ya haki. Neno hili la Kiarabu limekaa katika Kiswahili muda mrefu kiasi cha kuwa na maana tatu zisizotengana kwa urahisi. Kwanza ni ukweli na uadilifu, kama katika hukumu ya haki. Pili ni stahili ya mtu, kile anachoweza kukidai. Tatu, katika mazungumzo ya kila siku, ni malipo yenyewe: kibarua anayesema hajapewa haki yake anazungumzia fedha, si falsafa. Maana hii ya tatu inafunza jambo kubwa, nalo ni kwamba haki katika Kiswahili ina mdaiwa. Mtu hudai haki yake kwa fulani. Haki isiyo na mdaiwa hugeuka kuwa hisani, na hisani hushukuriwa, haidaiwi.

Chini ya ubepari mdaiwa anajulikana, ni mwajiri. Lakini benki zilipotaifishwa Februari 1967, na viwanda na mashamba makubwa yakafuata, mwajiri mkuu akawa dola, ambayo ilisema ni ya wakulima na wafanyakazi wenyewe. Ni nani basi wa kudaiwa? Mtu atajidai vipi mwenyewe? Swali hili linaonekana kama mchezo wa maneno, lakini watu walifungwa kwa ajili yake.

Imepata kusemwa mara nyingi kwamba wajamaa hawakuzijali haki za binadamu. Kauli hiyo si sahihi kama inavyosemwa. Imani ya TANU, iliyochapishwa mwanzoni mwa Azimio, ilitaja heshima ya kila mtu, uhuru wa kusema, wa kwenda atakako, wa kuabudu na wa kukutana na wengine ndani ya mipaka ya sheria, na pia haki ya kupata malipo ya halali kwa kazi. Kilichokataliwa kilikuwa kitu kingine, yaani kuipa mahakama uwezo wa kuzilinda haki hizo dhidi ya serikali. Tume ya Rais iliyoshughulikia mfumo wa chama kimoja iliona mwaka 1965 kwamba orodha ya haki ndani ya katiba ingeleta mvutano kati ya mahakimu na serikali changa yenye kazi nyingi. Badala yake ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kusikiliza malalamiko ya wananchi. Fikra hiyo ilikuwa na ukoo mrefu. Marx mwaka 1844 alizishutumu haki za mapinduzi ya Ufaransa kuwa ni haki za mtu aliyejitenga na wenzake na kuizungushia mali yake ukuta. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Haki za Binadamu mwaka 1948 kwa kura 48, nchi 8 zilijizuia kupiga kura, na 6 kati yake zilikuwa Urusi ya Kisovieti na wenzi wake. Hoja yao kwamba njaa nayo ni uvunjaji wa haki haikuwa hoja ya kudharauliwa, ingawa ilitoka katika vinywa vya serikali zilizojaza watu magerezani.

Wafanyakazi wa Tanzania waliijibu hoja hii kwa vitendo. Februari 1971 chama kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu. Kifungu hicho kikahifadhiwa kwa moyo viwandani kama watoto wa chuo wanavyohifadhi sura fupi. Meneja akimtukana mtu, alisomewa. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilifuatana, na mingi ilihusu heshima kuliko mshahara. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mjini Dar es Salaam, mwaka 1973, wafanyakazi walikishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Serikali iliwavumilia kwa muda. Wengine waliofuata mfano huo mahali pengine walifukuzwa kazi. Hapo lugha ilionyesha kwamba haina mwenyewe: mnyonyaji, neno lililopikwa na chama kwa ajili ya bepari, liliwageukia manaizi, yaani wasomi waliovirithi viti vya Wazungu, na hata lile jina la wabenzi waliopewa kwa sababu ya magari yao likavuka mpaka wa Kenya na Tanzania bila kuulizwa pasi.

Vijijini mambo yalikuwa mazito zaidi. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani sharti awe anakaa kijijini, na kwamba jambo hilo si la hiari tena bali ni amri. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa malori, wengine wakiziona nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Euphrase Kezilahabi aliiweka taabu hiyo katika riwaya yake ya Gamba la Nyoka ya mwaka 1979. Ni haki ya kuyakiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba vijiji vingi vilipata shule, zahanati na maji, ambavyo ni haki kwa maana iliyo kamili, na kwamba aliyepewa hakuwa na mahali pa kukataa. Neno ujamaa, lililotoka kwa jamaa wanaopendana, likaanza kutamkwa vijijini kwa sauti ya kodi.

Kuhusu utamaduni wa kila siku ujamaa ulikuwa na hoja ya maana, kwamba ubepari huingia nyumbani kwa njia ya tamaa, na mtu hununua asichohitaji ili afanane na asiyemjua. Jitihada njema kuliko zote ilikuwa ndogo sana, yaani neno ndugu. Waziri aliitwa ndugu, karani ndugu, mwanamke ndugu. Kiswahili hakikuhitaji kutenga mume na mke katika heshima hiyo. Sanaa nayo ilijaribiwa. Mathias Mnyampala aliziendeleza ngonjera, mashairi ya majibizano, na mkusanyo wa Ngonjera za UKUTA ukatoka mwaka 1970. Kasoro ya ngonjera nyingi za siasa ni kwamba yule mjinga hushindwa daima, tena mapema, naye hushukuru kwa kushindwa. Watoto wa shule waliokuwa wakipewa nafasi ya mjinga hawakuifurahia, na pengine ndio walioigiza vizuri zaidi.

Pale hoja ilipoharibika ni katika mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga marufuku, kuanzia Januari 1969, sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Adui aliyetajwa alikuwa ubeberu wa kitamaduni. Waliovamiwa na vijana huko Kariakoo walikuwa wanawake waliokuwa wakishuka basini, wengi wao makarani na wapiga taipu waliojinunulia nguo kwa mshahara wao wenyewe, yaani kwa jasho lao. Dawa za kujichubua zilistahili lawama, na bidhaa hizo hata leo zinaharibu ngozi za watu. Lakini kiwanda kilichozitengeneza hakikusimamishwa barabarani. Tena, zama hizo hizo, Wamaasai walikuwa wakilazimishwa kuvaa suruali na kuacha lubega, kwa hiyo mwanamke wa mjini alishutumiwa kwa kuiga Ulaya na Mmaasai kwa kutoiiga.

Kenya ilikuwa na hali ya kinyume. Katiba yake ya 1963 ilikuwa na sura nzima ya haki ambazo mahakama iliweza kuzilinda, na mali ilikingwa vizuri kuliko vyote. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika, lakini ulikataa vita vya matabaka na kuhimiza mtaji wa watu binafsi. Sura ile haikumsaidia Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyeandika kijitabu cha Kenya Twendapi? mwaka 1968 akafungwa miaka mitatu kwa uchochezi. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Wala haikumsaidia Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekamatwa Desemba 31, 1977 baada ya wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ kuigiza maisha yao wenyewe kwa Kikuyu. Abdilatif alipotoka gerezani alihamia Dar es Salaam akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mnamo mwaka huo huo wa 1972, Abdulrahman Babu, mfuasi wa Marx na waziri wa zamani, alitiwa kizuizini nchini Tanzania hadi 1978, chini ya serikali iliyotumia msamiati wake. Hivyo mjamaa mmoja wa pwani alipata hifadhi katika nchi ambamo mwingine alikuwa akipoteza uhuru wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Juni 1981 wakuu wa nchi za Afrika, wakikutana Nairobi, walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao uliziweka haki za kisiasa na za kiuchumi katika waraka mmoja pamoja na wajibu wa mtu kwa jamii yake. Mwaka 1983 Tanzania, iliyokuwa imeishiwa sabuni na sukari madukani, iliwasaka walanguzi kwa sheria kali ya uhujumu uchumi, na kupe akawa mwenye katoni mbili za sabuni uvunguni. Mwaka 1984 orodha ya haki ikaingizwa katika katiba ya Tanzania, na mahakama zikaanza kuitekeleza mwaka 1988. Azimio la Zanzibar la 1991 liliyalegeza masharti ya uongozi, kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na nyumba ya kupangisha. Vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na bungeni neno mheshimiwa likalisukuma pembeni neno ndugu.

Hata hivyo msamiati ule haukufutwa wote. Katiba ya Tanzania ingali ikiitaja nchi hiyo kuwa ya kijamaa. Vifungu vyake vya 22 na 23 vinazungumzia haki ya kufanya kazi na ya kupata ujira wa haki, na kifungu cha 25 kinasema kwamba kazi peke yake ndiyo izaayo utajiri, tena kinaifanya kuwa kipimo cha utu. Ni vigumu kupata sentensi ya Kimarx iliyo wazi zaidi katika sheria ya nchi yenye soko la hisa. Kenya nayo, ambayo haikupata kuwa na Azimio, ilipitisha mwaka 2010 katiba ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makao, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii, yaani mengi ya yale ambayo wajamaa walilaumiwa kwa kuyaita haki. Mdaiwa ametajwa katika kifungu cha 21, naye ni dola. Na muda wa kulipa umeandikwa kuwa ni hatua kwa hatua.